Likizo ya Juni Kigoma: kupumzika bila kuiacha ibada njiani

Shule zikifungwa mwanzoni mwa Juni, treni na mabasi ya kwenda magharibi hujaa. Familia zilizohamia Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma hurudi Kigoma kuwaona wazazi, na wapo pia wasio na ndugu huko wanaokwenda kwa ajili ya Ziwa Tanganyika na hifadhi ya sokwe ya Gombe. Msimu wenyewe ni mzuri: mvua zimekatika, njia za vumbi zinapitika, na jioni kuna ubaridi wa kutaka sweta, hasa ukipanda juu kuelekea Kasulu. Hata hivyo wengi hurudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Swala zimelimbikizana, Biblia imerudi kwenye begi ilivyotoka, na mtu anahisi kana kwamba bado ana deni kwa kila ndugu aliyemtembelea.

Hatuoni kwamba chanzo ni udhaifu wa imani. Ibada ya mtu wa mjini hushikiliwa na mambo mengi asiyoyatazama: msikiti ulio jirani, kengele ya parokia, jumuiya ndogondogo ya Jumamosi asubuhi, saa ya kutoka kazini. Likizo huyaondoa yote kwa siku moja. Usipoandaa mengine ya kushika nafasi yake kabla hujaondoka, nafasi hiyo itajazwa na usingizi, simu na wageni.

Amueni mnakwenda kufanya nini

Ndani ya likizo moja huwa kuna safari tatu: ya kupumzika, ya kuwaona ndugu na ya kutembea. Mahitaji yake hayalingani. Kupumzika kunataka siku tupu. Kuwaona ndugu kunataka siku zilizojaa watu, na fedha pia, maana mgeni wa kutoka mjini hafiki mikono mitupu. Kutembea kunataka tiketi, ratiba na kuamka mapema. Familia ikizibeba zote kwa uzito mmoja ndani ya siku kumi, zinakanyagana. La kwanza kuumia ni pumziko, na la pili ni ibada.

Kaeni jioni moja kabla ya kukata tiketi. Kila mtu, pamoja na watoto, ataje jambo moja tu ambalo lisipofanyika atarudi na kinyongo. Yaandikwe. Kisha chagueni ipi kati ya safari hizo tatu itangulie, nyingine mbili zipate kinachobaki. Muislamu anaujua msingi wa kazi hii tangu madrasa: hakika ya matendo ni kwa nia. Aliyetia nia ya kuunga undugu, mchana mzima wa kukaa na shangazi mgonjwa Ujiji kwake ni ibada. Aliyetoka nyumbani na picha ya ufukwe kichwani ataihesabu siku hiyohiyo kuwa imepotea.

Kwa Mkristo, sura ya 6 ya Injili ya Marko ina funzo ambalo mara nyingi husomwa nusu. Yesu anawaita mitume waende faraghani wakapumzike kidogo, kwa sababu watu waliokuja na kuondoka walikuwa wengi hata nafasi ya kula haikuwapo. Huo ndio mstari unaonukuliwa, nao ni wa 31. Endelea hadi wa 34: umati unawatangulia huko huko faraghani, naye anauonea huruma na kuanza kuufundisha. Pumziko lilipangwa kwa dhati, likaingiliwa, na walioliingilia hawakufukuzwa. Mtu anayekwenda likizo kwa wazazi anayahitaji yote mawili: ujasiri wa kupanga siku zake, na moyo wa kutokasirika jirani anapobisha hodi saa ya kulala mchana.

Hesabu ya siku

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu za umma zinazoangukia humo zimo ndani ya hesabu. Ukichukua likizo inayopita Julai 7, Sabasaba haikuongezei siku. Wengi hukubaliana na mwajiri kuzigawa mara mbili, na ndiyo maana safari nyingi za Kigoma huwa za siku 10 hadi 14.

Sasa toa njia. Kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250 kwa reli ya kati, na treni huchukua zaidi ya saa 30 hata isipochelewa. Kwenda na kurudi ni siku nne. Kwenye likizo ya siku 14 umebakiwa na 10. Utafiti wa Jessica de Bloom na wenzake, uliochapishwa 2013, uliwafuatilia wafanyakazi wa Uholanzi waliokuwa kwenye likizo ndefu: afya na utulivu wao vilifika kileleni siku ya nane hivi, na ndani ya wiki ya kwanza kazini vikarudi vilikokuwa. Mazingira yetu ni tofauti na ya kwao, lakini jambo moja linaonekana hata kwetu: mwili hauanzi kupumzika siku ya kufika. Kwa hiyo siku mbili za kwanza zisipangiwe kitu. Kosa tunaloliona kila mwaka ni kuzunguka kwa wajomba na mashangazi wote siku hizo mbili, kwa hofu ya lawama, mtu akiwa bado anasikia mtikisiko wa behewa mwilini.

Watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, katika kazi yao ya 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu: akili kuachana na kazi, kutulia, kujifunza jambo jipya, na kuwa na uamuzi juu ya muda wake. Ukiyatazama kwa makini, likizo ya kwa wazazi huwa haina uhaba wa la tatu. Mtoto wa mjini atajifunza kumenya muhogo, kuanika dagaa na kusalimia wakubwa inavyotakiwa. Linalokosekana zaidi ni la nne, kwa kuwa siku ya mgeni huamuliwa na wenyeji. Dawa yake ni ndogo: jitengee saa moja kila siku, iwe ileile, na umwambie mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Mama mkwe akishajua kwamba baada ya Alasiri unakaa peke yako na msahafu, hatakutumia mtu wa kukuita. Usipomwambia, atadhani umenuna.

Kuhusu akili kuachana na kazi, mambo matatu yanatosha. Andika maelezo ya kukabidhi kazi yenye majina ya watakaoshughulikia kila jambo. Yanyamazishe makundi ya WhatsApp ya ofisini. Kama kazi yako hairuhusu kutoweka kabisa, weka nusu saa moja kwa siku ya kujibu, mchana, isiwe usiku kabla ya kulala.

Jua la Kigoma na saa za ibada

Hapa ndipo wageni wengi hukosea bila kujua. Tanzania nzima inatumia majira ya saa yaleyale, lakini Kigoma iko mbali sana magharibi mwa Dar es Salaam, kiasi kwamba jua huifikia karibu dakika 40 baadaye. Tabora iko katikati, tofauti yake na Dar ni kama dakika 26. Mwezi Juni na Julai jua la Kigoma huchomoza baada ya saa 1:00 asubuhi, saa 1:05 hadi 1:10, na kuzama kati ya saa 12:55 jioni na saa 1:05 usiku.

Matokeo yake ni haya. Simu yako ikiwa bado imewekewa ratiba ya swala ya Dar es Salaam, au ukifuata adhana ya redio inayotangaza kutoka huko, utaswali Alfajiri kabla wakati haujaingia, na swala iliyotangulia wakati wake haisihi. Anayefunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi akafungua kwa adhana hiyo atakuwa amekula jua likiwa bado juu ya ziwa. Kwa Waadventista wa Sabato, ambao siku yao takatifu huanza jua linapozama Ijumaa, maandalizi yanayokamilika saa 12:15 jioni Dar yana zaidi ya nusu saa ya ziada Kigoma, na Jumamosi jioni Sabato huisha kwa kuchelewa vivyo hivyo. Kwa hiyo, ukifika, fungua programu ya swala kwenye simu, futa mji wa zamani na uandike Kigoma. Usitegemee ijibadilishe yenyewe, kwa sababu ikinyimwa ruhusa ya kujua ulipo hubaki na mji wa mwisho. Ratiba iliyobandikwa kwenye ukuta wa msikiti wa mtaani ni bora kuliko simu yoyote.

Kibla nacho husogea. Dar es Salaam anayeswali huelekea karibu kaskazini kabisa. Tabora kibla kiko nyuzi 14 hivi kulia kwa kaskazini, na Kigoma nyuzi 20. Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi: upana wa ngumi moja ni karibu nyuzi 10. Elekea kaskazini, kisha hesabu ngumi mbili kulia. Dira ya simu usiiamini ndani ya behewa au karibu na bati, chuma huivuta.

Swala ya msafiri, hadi lini?

Waislamu wengi wa Tanzania hufuata madhehebu ya Shafi, na kwa mujibu wake masharti ya kukusuru, yaani kufupisha swala safarini, yako wazi kuliko yanavyofuatwa. Safari iwe ya halali na ifikie marhala mbili, ambazo ni kilomita 80 na ushei. Kukusuru kunaanza ukishatoka nje ya mji wako. Ukiwa bado nyumbani unafunga mabegi, hujaanza. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazibadiliki. Nia ya kukusuru iwepo wakati wa takbira ya kuhirimia, na ukimfuata imamu anayeswali nne, nawe utatimiza nne. Unaweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Ukizikusanya katika wakati wa ile ya kwanza, anza na ya kwanza, tia nia ya kukusanya kabla hujaimaliza, na usiweke pengo refu kati ya mbili hizo.

Kosa kubwa ni la kukusuru wiki mbili nzima nyumbani kwa bibi. Kwa Mashafi, aliyetia nia ya kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkazi tangu alipofika, na anaswali kamili. Kwa hiyo ruhusa yako ni ya njiani, kwenda na kurudi. Safari ya kutwa kutoka Kigoma mjini hadi Gombe nayo haitoshi, maana ni kilomita 16 tu kwa njia ya ziwa. Ukiwa na hali isiyo ya kawaida, kama kukaa siku zisizojulikana kwa sababu ya mgonjwa, muulize sheikh wa hapo hapo. Ujiji ni mji wa wanazuoni na wa dhikri za tarika ya Kadiria.

Kuhusu maji ya udhu: Mtume, rehema na amani zimshukie, ametajwa kutawadha kwa mudi moja, ambayo ni karibu theluthi mbili za lita. Chupa ya lita moja na nusu inatosha udhu mara mbili ukimimina kidogokidogo. Beba mbili kwa kila mtu mzima, mbali na maji ya kunywa, kwa sababu mabomba ya treni huweza kukauka kabla ya Tabora. Tabora ni njia panda ya reli za Mwanza na Kigoma, na treni husimama hapo kwa muda wa kutosha kushuka, kutawadha na kuswali umesimama chini. Muulize kondakta muda wa kuondoka kabla hujashuka. Kwenye basi, zungumza na dereva mapema, kabla ya safari kuanza. Abiria wanne wakiomba pamoja kwa upole, kituo cha chakula huwa pia kituo cha swala.

Wakristo wana kazi nyepesi zaidi, ila wengi huiahirisha: kujua kabla ya kufika ni kanisa gani, ibada saa ngapi, na kwa lugha gani ikiwa ni kijijini. Mkatoliki anaweza kutimiza wajibu wa Dominika kwa Misa ya Jumamosi jioni pia, jambo linalosaidia kama basi la kurudi linaondoka Jumapili alfajiri. Mkoa una Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Waadventista wengi, kwa hiyo kukosa mahali pa kusali si sababu. Sababu huwa ni kwamba Jumapili imefika, hakuna aliyeuliza, na watoto wameshavaa nguo za kuogelea.

Ziwa likiwa limefungwa

Mgeni anayefika Juni akiwa na hamu ya samaki wabichi aina ya migebuka anaweza kushangaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane na kukua. Uliza kabla ya kufunga safari kama utaratibu huo unatumika mwaka unaokwenda. Kufungwa kunahusu uvuvi. Boti za abiria na kutembelea fukwe ni jambo lingine.

Tunalikazia hili kwa sababu linagusa kiini cha mada yetu. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, limelisha nchi nne za Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, na bado limehitaji kuachwa lipumue. Gharama yake hailipwi na mgeni. Inalipwa na mvuvi aliyepaki mtumbwi wake miezi mitatu akiwa na watoto wa kulisha. Ukifika ukamsumbua mwenyeji akutafutie samaki wabichi kwa njia za panya, umemwingiza kwenye kosa la sheria, na umempokonya mvuvi huyo faida ya subira yake. Kula kilichopo: dagaa wakavu waliohifadhiwa, maharage, ugali wa muhogo, mboga zilizoungwa kwa mawese. Na kama una uwezo, sadaka yako ya likizo ielekee mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, kwa mkono usiotangazwa.

Hata ziwa likiwa wazi, uvuvi wa dagaa una mapumziko yake. Wavuvi hutoka usiku wa giza na taa. Mwanga huwavuta wadudu na viumbe wadogo wa majini, dagaa hufuata, nao migebuka hufuata dagaa. Mbalamwezi ikishakomaa, mwanga wa taa haukusanyi tena kitu, kwa kuwa ziwa zima limeangaza. Siku hizo mitumbwi hubaki ufukweni na wavuvi hushona nyavu. Wapeleke watoto mwaloni wakati huo, saa za asubuhi. Wataona sindano za kushonea nyavu zikipita tundu baada ya tundu, na watu wasiokuwa na haraka ya kwenda popote. Kijana wa mjini anayeona kupumzika ni sawa na kulala atajifunza hapo kwamba mtu anaweza kupumzika mikono yake ikiwa na kazi.

Jinsi ya kukaa kimya

Kukaa kimya kunasemwa sana na kufundishwa kidogo. Anza na dakika 20, isiwe saa nzima. Wakati mzuri Kigoma ni baada ya Alfajiri hadi jua lichomoze, kwa sababu upepo wa kusini, ambao kiangazi huwa mkali, mara nyingi bado haujaamka. Acha simu ndani. Kaa mgongo ukiwa umeegemea kitu, vinginevyo dakika ya saba utaanza kufikiria kiuno. Muislamu ana nyiradi za asubuhi tayari. Tasbihi mara 33, tahmidi mara 33 na takbira mara 33, kwa mwendo wa pumzi, zinachukua kama dakika sita, kisha ukurasa mmoja wa Kurani kwa sauti ndogo. Mkristo achukue zaburi moja fupi, kama ya 121, aisome mara tatu: mara ya kwanza nzima, ya pili akisimama kwenye neno lililomgusa, ya tatu akilijibu kwa sala yake mwenyewe.

Ukitarajia kuiona milima ya Kongo ng'ambo, subira. Kiangazi moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi hewani huificha siku nyingi, na ziwa huonekana kama halina mwisho. Kisha akili hutawanyika. Orodha ya madeni, ugomvi wa ofisini, ada ya shule. Usipigane nayo. Rudi kwenye tasbihi au mstari wako, hata mara thelathini. Kurudi huko ndiyo kazi yenyewe, na wanaoacha siku ya pili huacha kwa kudhani kwamba wameshindwa.

Usiku, kabla ya kulala, Waislamu wana muhasaba, yaani kujihesabu matendo, na Wakatoliki wana utaratibu wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola wa kuipitia siku: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku tangu asubuhi, kutubu palipopinda, kuitazama kesho. Dakika kumi zinatosha. Likizo ni wakati mzuri wa kuanza kwa kuwa siku zina mambo mapya, na mtoto wa miaka minane anaweza kushiriki kwa kujibu swali moja: leo umshukuru nani?

Nani anapumzika nyumbani?

Amri ya Sabato katika Kutoka 20 haisemi pumzika wewe tu. Inamtaja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufugwa na mgeni aliye malangoni. Tunaitaja kwa sababu likizo nyingi za Kigoma zimejengwa juu ya migongo ya wanawake wawili: mama mwenyeji na binti wa kazi. Wageni sita wanapofika, maji ya kuchota, vyombo na moto wa jikoni vinaongezeka mara tatu. Baba anatoka ufukweni akisema amepumzika, na mkewe hajakaa chini tangu Jumatatu.

Siku ya kwanza, kabla hujafungua begi, mpe mama mwenye nyumba fedha ya chakula mkononi mwake, faragha, isipitie kwa mjomba. Vijana wapangiwe zamu ya maji na vyombo, wa kiume na wa kike bila kubagua. Binti wa kazi apate siku moja kamili ya kwake kila wiki, na siku hiyo mpike nyinyi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Hadithi nayo imeweka ukarimu siku tatu, na kumkataza mgeni asikae hadi akamtia mwenyeji wake tabuni. Ukikaa siku kumi, siku saba za mwisho uwe na jembe mkononi.

Ndugu ambao hamsemezani nao ni sehemu ya hesabu hii. Kama kuna ugomvi wa shamba au wa urithi, usiupeleke kwenye sinia la chakula siku ya kufika. Tafuta mzee mmoja anayeheshimika na pande zote, mwombe akutanishe watu katikati ya likizo, ili zibaki siku za kutulia baada ya maneno.

Kuogelea, Gombe, Ujiji

Mwili ni amana, na Mtume alimwambia mwenye ngamia amfunge kisha ategemee. Kichocho kipo ziwani. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, hasa mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Ogeleeni penye mawe au mchanga safi na maji yanayocheza, jifuteni kwa taulo mara mtokapo, na mkapime miezi miwili au mitatu baadaye. Dawa ya prazikwanteli hutibu. Midomo ya mito huwa na mamba. Kwenye boti kila mtoto avae jaketi la kujiokolea, aivae, asiikalie.

Gombe, ambako mtafiti wa sokwe Jane Goodall alianza kazi Julai 1960 na ambako panafahamika kama hifadhi ya taifa tangu 1968, kuna masharti ya kuwatazama sokwe: kukaa mbali nao, kutokwenda ukiwa na mafua, muda usiozidi saa moja, na watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwafuata. Waambie watoto mapema, wasilie getini. Mafua ya binadamu yanaweza kumuua sokwe, basi kubaki kambini kwa anayekohoa ni tendo la huruma.

Ujiji watu huenda kwa ajili ya Stanley na Livingstone waliokutana hapo 1871. Tungependa wakae zaidi kwa ajili ya wengine. Hapo ndipo njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilipofika ziwani, na watumwa waliovushwa kutoka ng'ambo wakiwa wamefungwa walianza hapo kutembea kuelekea pwani. Majina yao hayakuandikwa. Simameni kwenye miembe, waombeeni kila mmoja kwa dini yake, ndipo mpige picha.

Kurudi

Fikeni nyumbani siku mbili kabla ya kazi, kwa sababu kama tulivyoona utulivu huisha haraka, na kushuka kwenye basi alfajiri ukaingia ofisini saa 2:00 ni kuumaliza siku hiyohiyo. Irudishe programu ya swala kwenye mji wako. Chagua jambo moja tu la kuendelea nalo, lile lililokuwa jepesi kuliko yote, na ulipe saa yake: kama ni zile dakika 20 za alfajiri, mjini zitakuwa 10, ila ziwe kila siku. Siku ya kwanza usijibu ujumbe wote. Soma kwanza maelezo ya uliyemkabidhi kazi, umshukuru, kisha uanze na yale aliyoshindwa. Na kama katika siku 28 umebakiwa na 14, jaza fomu yake wiki hiyohiyo.